Mtaa wetu umeletewa faiba hadi ndani ya nyumba, nihame au nibaki nilipo?

video_za_harusi
Wakuu habari za jioni. Mliopo Uingereza naomba ushauri kabla sijajifunga mkataba nikaja kulia peke yangu.

Niko Leicester, nyumba ya kupanga, mimi na mke na watoto wawili. Mwishoni mwa mwaka jana walikuja jamaa wakachimba pembezoni mwa barabara mtaa mzima, wakaacha vifuniko vidogo kila mbele ya nyumba, wakaondoka. Tangu Januari sasa kila wiki napata kipeperushi mlangoni na kijana mmoja kashagonga mara mbili, anasema faiba imefika, megabiti 900 kushusha na 900 kupandisha, paundi 27 kwa mwezi, mkataba miezi 24. Mimi nalipa 34 kwa kampuni niliyonayo, na hao nilionao nao wameandika kwenye bili kwamba nina "fibre". Sasa kama ninayo tayari hiyo nyingine ni ya nini?

Kinachonitesa hasa ni hivi, pembeni ya kazi yangu nashuti video, harusi, sendofu, kitchen party za Wabongo wa huku. Kazi moja ikishakamilika pamoja na mafaili ghafi inafika GB 60. Nikianza kuipandisha Jumapili usiku inakuja kumaliza Jumatatu jioni, na muda wote huo nyumba nzima hakuna intaneti, mtoto analia katuni zimeganda, mke yuko kwenye kikao cha kazi sura imeganda mdomo wazi, ananiangalia kama mimi ndo nimekata waya. Nimepima leo, kushusha 38, kupandisha 7.

Mkataba wangu unaisha tarehe 11 Machi. Nimpigie huyu wa zamani nimwambie basi, alafu ndo niite wapya? Au naanzia wapi? Na mwenye nyumba anahusika? Mzee wangu yule ni mgumu, nilimwomba kupigilia msumari wa kutundika saa tukaandikiana barua.

fundi_wa_kebo
Mkuu karibu. Mi hiyo ndo kazi yangu ya kila siku, navuta hizo nyaya, sio Leicester lakini mambo ni yaleyale.

Tuanze na hilo neno maana ndo limewachanganya wengi. Hiyo uliyonayo faiba yake inaishia kwenye lile kabati la kijani lililopo kona ya mtaa, kutoka hapo mpaka kwako unakuja waya wa shaba wa simu, waya uleule wa enzi za simu za kuzungusha. Wao wanaita FTTC. Mwisho wake kwenye makaratasi ni 80 kushusha na 20 kupandisha, lakini shaba inachoka na umbali, kwa hiyo ukikaa mbali na kabati unapata makombo. Kwa namba zako hizo nahisi uko kama mita 700 hivi kutoka kwenye kabati, na kama laini ina maungio mabovu mvua ikinyesha inashuka tena. Hiyo mpya ni FTTP, uzi wa kioo unaingia mpaka ukutani kwako, mwanga mtupu, umbali wa mtaa hauusumbui.

Na kuhusu wao kuandika fibre kwenye bili, wanaruhusiwa. Mamlaka ya matangazo ya huku, ASA, iliamua mwaka 2017 kwamba kuita hata hiyo ya kabati "fibre" sio kumdanganya mteja. CityFibre ambao wanajenga hizi za hadi ndani walikasirika wakaenda Mahakama Kuu, wakashindwa 2019. Ndo maana sasa hivi kampuni zinasema "full fibre" kujitofautisha. Kwa hiyo ukisikia neno fibre peke yake, uliza swali moja tu, waya unaoingia nyumbani kwangu ni wa kioo au wa shaba? Muuzaji akianza kuzunguka, ushajua.

Sasa kwako wewe achana na hiyo 900 ya kushusha, hiyo ni ya kuwatambia majirani. Angalia ya kupandisha. GB 60 kwa megabiti 7 kwa sekunde ni masaa 19, piga hesabu mwenyewe, kumbuka baiti moja ni biti nane. Na ngoja nikuongezee kitu ambacho muuzaji wa mlangoni hatakwambia, sio kila faiba inapandisha sawa na inavyoshusha. Zile zinazopita kwenye mtandao wa Openreach, na hapo ndo wako kina BT, EE, Sky, Plusnet na wengine kibao, hata ukichukua ya 900, kupandisha kwake ni kama 115. Kwa mzigo wako hapo ni saa moja na dakika kumi. Hawa wajenzi wapya wengi wanatoa pande zote sawa, hapo ni dakika kumi kama upande wa pili nao unaweza kupokea kwa kasi hiyo, na mara nyingi hauwezi, kwa hiyo sema nusu saa. Bado ni mbingu na ardhi.

Nitarudi kwenye kufunga na mwenye nyumba, niko juu ya ngazi saa hizi.

wanjiku_wa_bham
Fundi shuka kwanza kwenye ngazi ndio uandike 😂

Kaka wa harusi, tafadhali USIPIGE SIMU KUKATA YA ZAMANI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu hilo ndilo kosa nililofanya 2022. Nilijiona mjanja, nikapigia kampuni ya zamani nikawaambia nahama, wakasema sawa mama, siku fulani tunazima. Kampuni mpya nayo ikanipa tarehe ya fundi wiki hiyohiyo. Fundi akaja, akaangalia ukuta, akasema bomba la chini ya ardhi limeziba, itabidi waje watu wengine na kibali cha kuchimba njia ya waenda kwa miguu. Nilikaa wiki tatu bila intaneti, watoto wanafanya homework kwa hotspot ya simu yangu, na namba yangu ya simu ya nyumbani niliyokuwa nayo miaka kumi na moja ikapotea kabisa kwa sababu laini ilishazimwa, haiwezi kuhamishwa kitu kilichokufa.

Siku hizi kuna utaratibu unaitwa One Touch Switch, ulianza tarehe 12 Septemba 2024. Wewe unaongea na kampuni MPYA tu. Unawapa jina, anwani na kampuni unayotoka, wao wanawasiliana na wa zamani huko ndani kwa ndani. Wa zamani anakutumia ujumbe wa kusema unadaiwa nini ukihama na huduma gani zitakatika, unasoma, ukiridhika unamwambia mpya endelea. Hakuna mambo ya kupigiwa na mtu wa kukubembeleza dakika arobaini ubaki. Zamani hiyo ilikuwa inawezekana tu kwa kampuni zilizo kwenye waya mmoja, ukitoka mtandao mmoja kwenda mwingine ilikuwa ni wewe na Mungu wako.

video_za_harusi
Dada Wanjiku asante sana, nilikuwa nimeshaishika simu kabisa nataka kuwapigia kesho asubuhi.

Fundi hiyo ya masaa 19 umenichoma, ndo hivyohivyo ilivyo.

kimya_kingi
Mi naomba niwe mtu mbaya wa huu uzi. Watu wengi wanahama kampuni wakati ugonjwa uko ndani ya nyumba. Ruta iko wapi? Maana nimeshaenda kwa watu nikakuta ruta imefichwa nyuma ya tivi, ndani ya kabati la vyombo, juu imewekewa kitambaa cha kushonwa na chombo cha maua ili ipendeze. Alafu wanalalamika Uingereza intaneti mbovu.

Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya upime tena. Kama kwa waya unapata 38 na 7 basi ni laini na uhame. Kama kwa waya unapata 70, basi ni waifai yako na ukihamia faiba ya 900 utapata 900 kwenye ruta na 40 chumbani, sema tu sasa utakuwa unalipia mkataba wa miezi 24.

Na wakati unasubiri, kuna dawa ya bure. Kwenye programu unayotumia kupandisha video tafuta sehemu ya kupunguza spidi, iwekee kikomo cha 5 badala ya kuiachia yote 7. Nyumba itapumua. Sababu ni kwamba kila kitu mnachoshusha, kifaa kinatakiwa kirudishe jibu kwamba nimepokea, na hilo jibu linapita njia ileile ya kupandisha. Wewe umeijaza malori ya harusi, majibu hayapiti, kwa hiyo na katuni za mtoto zinasimama wakati kushusha kwenyewe kuko wazi kabisa.

video_za_harusi
Nimepima kwa waya sasa hivi. 39 na 7. Kwa hiyo sio waifai. Ila nimeweka kikomo cha 5 nikapandisha sendofu ya juzi na mke kaangalia tamthilia yake mwanzo mpaka mwisho, ananiuliza umefanya nini, nikamwambia utaalamu. Kimya_kingi nakudai soda, au wewe unanidai, sijui.

fundi_wa_kebo
Nimeshuka. Tuendelee.

Mwenye nyumba anahusika ndio, kwa sababu tunatoboa ukuta. Tundu lenyewe dogo, la kupita penseli, lakini ukuta ni wake. Mwandikie baruapepe umweleze yafuatayo ili asishtuke. Tunaleta waya kutoka kwenye kile kifuniko cha njiani, ama tunapitisha chini ama tunaufungia kwenye ukuta, nje tunabandika kiboksi cha kijivu kidogo cha kuunganishia, tunatoboa tundu moja, ndani tunaweka kiboksi kingine kinaitwa ONT chenye taa, hicho ndo kinageuza mwanga kuwa intaneti, kisha ruta inachomekwa hapo. ONT na ruta vyote vinataka umeme kwa hiyo soketi mbili ziwe karibu. Kazi ya masaa mawili matatu. Mwambie pia hatumwondolei waya wake wa zamani wa simu, unabaki ukutani ulivyo, na akija mpangaji mwingine nyumba ina faiba tayari. Hilo la mwisho ndo huwa linawalainisha. Akikubali, akubali kwa maandishi. Mi nishawahi kuondoka na ngazi yangu mgongoni mara kibao kwa sababu mpangaji alisema "alisema sawa kwenye simu".

Alafu siku ya fundi KUWA NYUMBANI wewe mwenyewe na uwe ushaamua ruta ikae wapi. Usiachie fundi aamue maana fundi ataweka karibu na mlango wa mbele, ndipo waya unapoingia, ndo njia fupi na ana nyumba nyingine tatu siku hiyo. Najisema mwenyewe hapa. Omba katikati ya nyumba, au pale unapofanyia kazi ya video ili uchomeke kwa waya. Waya wa kawaida wa mtandao, ule ulioandikwa Cat5e, unabeba gigabiti vizuri tu, huhitaji wale wa bei ya ajabu wanaouzwa mtandaoni.

wanjiku_wa_bham
Na bei jamani. Hiyo 27, umesoma maandishi madogo?

video_za_harusi
Nimesoma jana baada ya kuambiwa na mke. Imeandikwa inaongezeka paundi 3 kila Aprili.

wanjiku_wa_bham
Haya sasa tupige hesabu. Ukianza katikati ya Machi unalipa 27 mara moja, Aprili hii hapa inakuwa 30 miezi kumi na miwili, Aprili inayofuata 33 miezi kumi na mmoja. 27 na 360 na 363, jumla 750. Wewe kichwani ulikuwa na 27 mara 24 ambayo ni 648. Paundi 102 zimejificha hapo. Bado ni nafuu kuliko hiyo 34 yako ambayo nayo Aprili itapanda, lakini angalau uingie macho wazi. Kuna kampuni hazipandishi kwa aliyejiunga juzi, kuna zisizopandisha kabisa ndani ya mkataba, uliza.

Tushukuru lakini wanaandika kwa pauni na peni. Mikataba iliyofungwa kuanzia tarehe 17 Januari 2025, Ofcom, wale wasimamizi wa mawasiliano wa huku, imewalazimisha waseme kiasi chenyewe, zamani walikuwa wanaandika asilimia ya mfumuko wa bei jumlisha asilimia 3.9, wewe mama wa watoto unajua mfumuko wa bei wa Desemba ijayo utakuwa ngapi?

mama_pendo_reading
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi si mtu wa kompyuta ila nafanya kazi ya kulea wazee majumbani na kuna jambo nimeona hamjaligusa.

Kama nyumbani kuna mzee mwenye ile kengele ya kuvaa shingoni, anabonyeza akianguka, au hata simu ya mezani tu ya kawaida, mkihamia faiba ile simu haichomekwi tena ukutani, inachomekwa kwenye ruta. Ina maana umeme ukikatika na simu imekatika. Ile ya zamani ya waya ilikuwa inaongea hata nyumba ikiwa giza, wazee wanaijua hivyo na hawaelewi ukiwaambia vinginevyo. Bibi mmoja ninayemhudumia, mjukuu wake alimbadilishia intaneti kwa nia njema kabisa ili aongee naye kwa video, hakuwaambia watu wa kengele, kengele ikakaa siku nne haiungi popote na hakuna aliyejua hadi mimi nilipoijaribu Alhamisi, huwa naijaribu kila Alhamisi. Mwambieni kampuni mpya mapema kwamba kuna mtu anayetegemea simu, wanatakiwa wampe njia ya kupiga simu ya dharura walau saa moja umeme ukiwa umekatika, mara nyingi ni betri. Na watu wa kengele nao waambiwe kabla.

Wala msiseme hatuhami ili tukwepe, hizo laini za zamani zinazimwa nchi nzima mwisho wa Januari 2027.

video_za_harusi
Marahaba mama... samahani, shikamoo mama 🙏 nimechanganyikiwa na hii intaneti. Kwetu hakuna mzee lakini mama mkwe anakuja Juni, asante kwa hilo.

Wakuu swali jingine. Nina kamera nne kwenye nyumba ninayojenga Kibaha, nawaangalia mafundi kutoka huku kwa simu. Kuna mtu kazini kaniambia hizi kampuni mpya za faiba zina kitu kinaitwa CGNAT na kamera hazitafanya kazi. Hapo ndo nimeogopa kweli, bora katuni zigande kuliko kamera ya Kibaha, mifuko ya simenti ina miguu ile.

fundi_wa_kebo
😂😂 simenti ya Kibaha inatembea kweli.

Tulia. CGNAT ni hivi, anwani za intaneti za zamani zimekwisha duniani, kampuni changa hazina za kutosha, kwa hiyo wanawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wa nyumba moja wenye sanduku moja la barua. Wewe ukitoka kwenda nje hakuna shida yoyote. Shida ni mtu wa nje akitaka kuja kwako moja kwa moja, hajui mlango upi. Kwa hiyo kama kamera zingekuwa Leicester na wewe unaziangalia ukiwa Kibaha kwa ile njia ya zamani ya kufungua mlango kwenye ruta, ingekugusa. Wewe unatoka Leicester kwenda Kibaha, haikuhusu. Na kamera zenyewe za Kibaha si ziko kwenye laini ya simu? Basi hata huko ziko nyuma ya sanduku la pamoja tangu siku ya kwanza, na mbona unaziona? Kwa sababu kamera za siku hizi zenyewe ndo zinapiga hodi kwenye seva ya waliozitengeneza, na wewe unapiga hodi hukohuko, mnakutana katikati.

Anayeumia na CGNAT ni mwenye seva yake nyumbani, baadhi ya wacheza gemu, na watu wa ofisi zenye mambo ya kizamani. Hao wanaomba anwani ya kudumu, kampuni nyingi zinauza kwa paundi kama 5 juu ya bili.

mtu_wa_tabata
Nawasoma toka Dar nacheka tu. Mnahangaika na 900 kupandisha alafu mnatutumia link ya GB 8 tuifungue kwa bando la wiki. Mkuu wa video, harusi ya binamu yangu umeituma kwa 4K, mama yake anaangalia kwenye simu yenye kioo kimepasuka. Weka na ndogo bana.

Na hata uwe na faiba nene kama mkono, Mei 2024 ilipokatika mikongo ya baharini, EASSy na Seacom kwa pamoja, huku tulikaa tunaangaliana, meseji ya WhatsApp inazunguka kutwa nzima.

video_za_harusi
Sawa mkuu, naweka na ndogo kuanzia sasa.

kimya_kingi
Kabla hujasaini, angalia pia baruapepe. Kama anwani yako ya kazi za harusi ni ile uliyopewa na kampuni ya intaneti, ukihama unaweza kuipoteza au waanze kukuchaji. Hamisha wateja kwanza.

Na muulize huyo mpya kama yumo kwenye mpango wa fidia wa Ofcom, ule unaojiendesha wenyewe, fundi asipotokea unalipwa zaidi ya paundi 30, huduma ikichelewa kuanza ni paundi 6 na ushee kwa kila siku. Ni wa hiari, kampuni kubwa nyingi wamo, wadogo wengi hawamo. Kutokuwemo sio dhambi ila ujue.

video_za_harusi
MREJESHO. Samahani nimechelewa, Ramadhani na kazi.

Mwenye nyumba nilimwandikia kama fundi alivyosema, neno kwa neno karibu. Alijibu baada ya siku sita, mstari mmoja, kwamba tundu lizibwe vizuri na nimtumie picha. Nikaagiza tarehe 2 Machi, nikachagua siku ya kufungwa 17 ili mkataba wa zamani uwe umeshakufa wenyewe.

Hapo kwenye One Touch Switch palinigomea mara ya kwanza. Wanasema hawaoni mteja wa jina langu kwenye anwani hii. Nimehangaika saa nzima na kijana wa huduma kwa wateja, kumbe akaunti ya zamani ilifunguliwa kwa jina la mke, na jina lake la kwao, kabla hatujafunga ndoa. Tulipoweka jina hilo na namba ya akaunti ikapita palepale, na haikupita muda ujumbe ukaja kutoka kwa wa zamani, tarehe 17 hudaiwi kitu cha kuvunja mkataba ila rudisha ruta yetu, usiporudisha tunakukata hela yake. Kwa hiyo wenye ndoa angalieni bili imeandikwa nani.

Siku yenyewe fundi alikuja saa tatu asubuhi, kijana mmoja Mromania mcheshi sana. Akataka kuweka karibu na mlango, fundi_wa_kebo nilikukumbuka nikacheka peke yangu. Nikamwambia hapana, chumba cha nyuma. Akaguna, akatazama saa, akakubali nikampa chai ya tangawizi. Kwenye kifuniko cha njiani kulikuwa kumejaa tope, akatumia kama dakika arobaini hapo akisukuma waya haupiti, mi roho ikawa juu nawaza wiki tatu za dada Wanjiku, mwishowe ukapita. Laini ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi muda wote huo, ikaja kuzimwa yenyewe kesho yake.

Kwa waya napata 910 na 890. Kwa simu nikiwa chumba cha juu 240, kimya_kingi ulisema. Jikoni ni 60, kuna ukuta mnene pale wa nyumba za zamani hizi, nafikiria kununua kile kiboksi cha kusambaza ila mke kasema jikoni watu wanapika hawaangalii intaneti. Harusi ya Jumamosi ilikuwa GB 57, imepanda kwa dakika ishirini na sita. Nilikaa naangalia mstari unavyokimbia kama mtu anayeangalia mpira.

Malalamiko moja tu. Ruta waliyonipa taa yake ni kali usiku inamulika chumba kizima, nimebandika kipande cha plasta ya kidonda.

wanjiku_wa_bham
Hongera kaka. Ruta ya zamani umerudisha? Chukua risiti ya posta, na uipige picha, usiniulize kwa nini.

video_za_harusi
Nimerudisha leo, risiti iko kwenye friji na sumaku.

fundi_wa_kebo
Kijana kakubali kuvuta mpaka chumba cha nyuma kwa chai tu? Mi huwa naombwa hivyohivyo hata maji sipewi.

mtu_wa_tabata
Mkuu kama imepanda kwa dakika 26, ile ndogo ya sendofu ya dada yangu ya mwezi wa pili iko wapi? Mama anauliza kila siku.